UZI: Chanjo za kumeza dhidi ya bakteria na ubishi wa "lilikuwa dhahiri" kwenye hataza

#1 Mwandika Madai

Wakuu, nyuzi nyingi za hataza (patent) za chanjo zinakwama mahali pamoja, kwa kuwa kilicho dhahiri hakipewi hataza. Mmoja anasema "hili lilikuwa dhahiri", mwingine anasema "halikuwa", na hakuna anayetaja dhahiri kwa nani, kufikia tarehe gani, na kwa tarajio la kiasi gani. Hapa tujifunge kwenye chanjo za kumeza dhidi ya bakteria tu. Ili tusipige porojo, naweka dai la kubuni tulichanechane:

"Chanjo ya kumeza ya kumkinga mtu dhidi ya taifodi, yenye Salmonella Typhi hai waliodhoofishwa kwa kukatwa jeni mbili za njia ya aro, waliokaushwa kwa kugandishwa, bilioni 1 hadi bilioni 10 kwa dozi, ndani ya kapsuli yenye ganda linalohimili asidi ya tumbo."

Njia ya aro ni hatua ambazo bakteria hujitengenezea amino asidi za aromati. Tarehe ya kipaumbele (yaliyochapishwa kabla yake ndiyo huhesabiwa dhidi ya dai): Januari 1989. Yaliyokuwa yamechapishwa kabla ya hapo:

- 1975, Germanier na Fürer: Ty21a, iliyodhoofishwa kwa kemikali ya nitrosoguanidini; jeni yake ya galE haifanyi kazi na haina Vi, utando wa sukari unaomfunika bakteria.
- 1981, Hoiseth na Stocker: Salmonella Typhimurium (jamaa wa Typhi anayeugiza panya) iliyokatwa aroA, hai lakini haiugizi panya, na inawakinga.
- 1982, jaribio la Alexandria, Misri: Ty21a ya majimaji, dozi 3, kinga asilimia 96 kwa miaka 3.
- 1987, jaribio la Santiago, Chile: Ty21a ya kapsuli yenye ganda, kinga asilimia 67, kapsuli ya jelatini ikaachwa nyuma.
- 1987: 541Ty na 543Ty, Typhi waliokatwa aroA na purA (jeni ya kujitengenezea purini), wakamezwa na watu wa kujitolea. Salama, lakini kingamwili hafifu.
- 1988: Typhi waliokatwa galE kwa makusudi na wasio na Vi wakapewa watu. Baadhi ya watu wakaugua.

Karibuni.

#2 Pingamizi Miezi9

Naanza na Ulaya. Pale EPO, ofisi ya hataza ya Ulaya, Kifungu cha 56 (hatua ya uvumbuzi, yaani dai lisiwe dhahiri) kinaendeshwa kwa hatua: tafuta andiko la zamani lililo karibu zaidi na dai, taja tofauti, tunga tatizo la kiufundi kutokana na athari ya tofauti hiyo, kisha uliza mtaalamu wa fani angefanya nini.

Kosa la kwanza la wapingaji wengi ni kuanzia kwa Stocker wa 1981 kwa sababu jeni zinafanana. Andiko la karibu zaidi huchaguliwa kwanza kwa kusudi. Kusudi hapa ni kumkinga mtu dhidi ya taifodi kwa njia ya mdomo, kwa hiyo Ty21a ya Santiago inashinda panya wa Stocker. Ukianzia hapo, tofauti inabaki moja: namna bakteria walivyodhoofishwa. Kapsuli, ganda, kukausha na kipimo vyote vimeshaliwa, yaani vimo tayari kwenye andiko la zamani.

Tatizo sasa linategemea kilichomo ndani ya ombi la hataza. Kama kuna jaribio linaloonyesha aina mpya inaizidi Ty21a kwa kitu fulani, tatizo ni "chanjo bora kwa kitu hicho". Kama hakuna ulinganisho, linashuka kuwa "chanjo mbadala", na hapo mwenye hataza yuko pabaya, kwa sababu mtaalamu anayetafuta mbadala tu anachukua chochote chenye dalili ya kufanya kazi.

#3 Koloni Bilioni

Mkuu Pingamizi kasema kapsuli "imeliwa". Nakubali, ila tusiipite haraka, maana ndipo madai mengi ya kumeza hujificha.

Salmonella na Vibrio (bakteria wa kipindupindu) hai hufa upesi kwenye pH ya 2. Njia za kuwapitisha tumboni zilizojulikana ni mbili: uzime asidi kwa bikaboneti ya sodiamu, au uwafunike kwa polima isiyoyeyuka mpaka pH ipite takriban 5.5, yaani mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Alexandria walitumia ya kwanza. Santiago walipima zote mbili bega kwa bega, bikaboneti ndani ya kapsuli za jelatini dhidi ya kapsuli zenye ganda, na ganda likashinda. Kwa mpingaji hiyo ni zawadi: andiko moja linakupa kitu, sababu ya kukichagua na matokeo kwa watu.

Pale ambapo kapsuli bado inaweza kuokoa dai ni kwenye utengenezaji. Unga uliokaushwa hauvumilii unyevu wala joto, na kupaka ganda kunahitaji kimiminika kisha hewa ya moto. Ukipaka kwa mchanganyiko wa maji, unyevu unapenya jelatini na idadi ya walio hai inaporomoka kabla chupa haijafungwa. Dai likitaja kiwango cha juu cha unyevu wa unga, aina ya sukari ya kulinda seli na joto la kupakia, pamoja na jedwali la koloni kabla na baada ya kupaka, hapo kuna kitu cha kutetea. "Kapsuli yenye ganda linalohimili asidi" peke yake ni pambo.

Kipimo nacho vilevile. Kapsuli ya Ty21a ilikuwa na walau bilioni 2 walio hai. Masafa ya bilioni 1 hadi 10 yanaimeza namba hiyo. Marekani masafa yakiingiliana na ya zamani, udhahiri unadhaniwa tangu mwanzo na mzigo wa kuonyesha kwamba masafa yako yana jambo lisilotarajiwa unakuwa wako.

#4 Mgeni wa Hataza

Samahani wakuu, naomba kueleweshwa. Kama vipande vyote vilikuwepo, kwa nini tusiseme tu mtaalamu angeweza kuviunganisha na tukamaliza?

#5 Pingamizi Miezi9

Mkuu Mgeni, swali zuri, na Kiswahili kinakusaidia: "angeweza" si "angefanya". Tangu uamuzi T 2/83 EPO wanashikilia hilo. Kuweza ni mikono na vifaa, na hapo 1989 kila maabara nzuri iliweza kukata jeni mbili. Kufanya kunahitaji sababu iliyomo kwenye maandiko ya wakati huo, pamoja na tarajio la busara kwamba kitafanikiwa. Tarajio la busara liko katikati ya uhakika na "ngoja tuone".

Marekani lugha ni nyingine kidogo. Baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuamua KSR dhidi ya Teleflex, 2007, sababu ya kuunganisha inaweza kutoka hata kwenye akili ya kawaida ya fani, si lazima iandikwe mahali. Lakini kwenye baiolojia tarajio la mafanikio bado linaulizwa.

#6 Koloni Bilioni

Basi nijenge shambulio. Mtaalamu wa Januari 1989 anasoma kwamba 541Ty ilikuwa salama ila hafifu. Imekatwa vitu viwili: aroA na purA. Kipi kilichoifanya hafifu? Mwaka 1988 ulichapishwa ulinganisho kwenye panya: Typhimurium waliokatwa aroA wanakinga vizuri, waliokatwa purA wanakinga vibaya. Mshukiwa anajulikana.

Hatua inayofuata haihitaji mvumbuzi. Ondoa ukataji wa purA, baki na aro. Lakini sasa umebaki na kufuli moja, na hakuna mamlaka ya dawa itakayofurahia bakteria hai wa taifodi mwenye kufuli moja. Ongeza ukataji wa pili, mbali kwenye kromosomu, ili kipande kimoja cha jeni kutoka kwa jirani kisiweze kurudisha vyote. Ukikata jeni nyingine ya njia ileile ya aro hudhoofishi zaidi, kwa kuwa njia ilikwishazibwa. Unaongeza usalama bila kupunguza nguvu. Hilo ndilo dai lenyewe.

#7 Vibrio569

Shambulio zuri, lakini limekanyaga andiko la mwisho kwenye orodha ya mkuu Mwandika. Kwa panya, Typhimurium asiye na galE amedhoofika. Wakakata jeni hiyo kwa Typhi, wakaondoa na Vi, watu wakaugua. Yaani miezi michache kabla ya tarehe yetu, fani imepata somo kwamba panya anadanganya, na kwamba hata sababu ya Ty21a kuwa mpole haikuwa ile iliyodhaniwa.

Tena panya hana taifodi. Typhi haimuugizi kwa mdomo, ndiyo maana kila kitu kinapimwa kwa Typhimurium kisha kinahamishwa kwa hisia. Ukiondoa ukataji wa purA unaondoa kimoja kati ya vitu viwili ambavyo kwa watu vilihusishwa na usalama wa 541Ty. Mtaalamu wa kawaida, ambaye EPO humchukulia kuwa mtu wa tahadhari hasa kwenye baioteknolojia, angesema: sijui kama aro peke yake inatosha kwa binadamu.

Kipindupindu kinafundisha jambo hilohilo. Aina ya CVD 101 ilikatwa jeni ctxA, chanzo cha sumu ya kipindupindu. Kwa nadharia ya vitabuni kuhara kungeisha. Watu wa kujitolea wakaharisha hata hivyo, kwa kiasi kidogo. Ukataji uleule ukifanywa kwenye aina nyingine, Inaba 569B, ukazaa CVD 103 na baadaye CVD 103-HgR, na hiyo ikavumilika. Jeni moja, aina mbili, matokeo mawili. Kwa hiyo anayekuja na hoja ya "ukataji ulijulikana, ni kuuhamishia kwenye aina nyingine tu" aulizwe: aina ipi, na ulijuaje?

#8 Mgeni wa Hataza

Na lile jaribio kubwa la Jakarta, CVD 103-HgR haikuonyesha kinga ya maana kwa jamii nzima. Si ushahidi mzuri kwamba chanjo hizi hazitabiriki?

#9 Mwandika Madai

Ni ushahidi mzuri wa sayansi na mbovu wa kesi. Matokeo ya Jakarta yalichapishwa mwaka 2000. Mtaalamu wetu wa Januari 1989 hajayaona, na hawezi kukatishwa tamaa na andiko lisilokuwepo. Kosa hili linafanywa na pande zote: mpingaji anaingiza mafanikio ya baadaye, mwenye hataza anaingiza kushindwa kwa baadaye. Bandika tarehe ya kuchapishwa kwenye kona ya kila waraka kabla hujaandika sentensi moja, na kwa Ulaya kumbuka hata chapisho lako mwenyewe la siku moja kabla ya kuwasilisha linakuua. Marekani wanakupa mwaka mmoja wa huruma kwa chapisho lako. EPO hawana huruma hiyo.

Na hapohapo kuna mtego wa sajili za majaribio ya kliniki. Ukisajili jaribio hadharani ukataja aina, kipimo, ratiba na ugonjwa, umeandika karibu dai zima. Maamuzi kadhaa ya EPO, T 239/16 likiwemo, yanasema tangazo la jaribio linampa mtaalamu tarajio la busara kwa kuwa hakuna anayepeleka dawa kwa watu bila msingi, isipokuwa kuwe na jambo mahsusi la kumtia shaka. Wasilisha ombi la hataza kwanza, sajili baadaye.

#10 Mtetezi wa Dai

Nimekuja na kibano, ndicho ninachokiona kinaamua kesi nyingi hizi kuliko jeni zenyewe.

Mkuu Vibrio569 anatetea hataza kwa kusema panya hatabiri binadamu. Sawa. Sasa fungua ombi lako mwenyewe la hataza: lina nini? Kama ni panya na Typhimurium tu, umejifunga. Ikiwa panya hawatoshi kumpa mtaalamu tarajio, basi hawatoshi pia kumwonyesha kwamba uvumbuzi wako unafanya kazi kwa mtu. Mkuki kwa nguruwe, wakuu. Ukisema panya wanatosha, unakutana na shambulio la #6. Ukisema hawatoshi, unakutana na Kifungu cha 83 cha utoshelevu wa maelezo, yaani ombi lieleze uvumbuzi kiasi cha mtaalamu kuweza kuufanya.

Mwenye hataza hukimbilia kuleta data za watu zilizopatikana baadaye. Uamuzi G 2/21 wa Machi 2023 unasema data hizo zisikataliwe kwa kuwa tu ni za baadaye, lakini athari unayoitegemea kwenye hatua ya uvumbuzi lazima mtaalamu, akiwa na ujuzi wa kawaida na ombi la awali mkononi, aione imo kwenye fundisho hilo na kwenye uvumbuzi uleule uliofichuliwa. Ukiwa uliandika "kinga" na data ya baadaye inaonyesha "bakteria hawaingii kwenye damu", umeleta athari mpya mlangoni. Na kwa utoshelevu wa dai la matumizi ya tiba, mkazo ni zaidi: athari ya tiba inatakiwa iaminike kutokana na ombi lenyewe, data ya baadaye inakuja kuunga mkono tu.

Neno "chanjo" nalo lina bei. Likiwa kwenye dai husomwa kama linataka kinga dhidi ya ugonjwa. Wengi hulibadilisha kuwa "muundo unaochochea kinga ya mwili" ili wakwepe mzigo wa utoshelevu. Wanachosahau ni kwamba tarajio la mafanikio hupimwa dhidi ya kile dai linachotaka. Kupata kingamwili tu ni rahisi kutarajia. Kuzuia taifodi ni kazi. Ukishusha kiwango, umeshusha pia ngazi ya mpingaji.

#11 Koloni Bilioni

Hapo umegonga. Na ndipo njia ya kati ilipo: weka kwenye ombi kipimo cha kati kinachokubalika na fani. Kwa kipindupindu ni kingamwili zinazoua vibrio kwenye seramu. Kwa taifodi ya kumeza, hesabu ya seli zinazotoa IgA kwenye damu siku kadhaa baada ya kumeza, pamoja na kinyesi na damu kuoteshwa kila siku kuona bakteria wa chanjo wanakaa muda gani na wanafika wapi. Hata watu wachache wanabadilisha kesi. Kundi la wanaomeza bafa (kizima asidi) tupu liwepo, na kundi la Ty21a liwepo, la sivyo huna ulinganisho na andiko la karibu zaidi.

#12 Mwandika Madai

Upande wa Marekani, wenye kesi kule wamezoea ombi la mapitio ya hataza mbele ya PTAB, bodi ya ofisi ya hataza ya Marekani, maarufu kama IPR. Mipaka yake: maandiko ya hataza na machapisho tu, hoja za upya na udhahiri tu, maneno 14,000 kwa ombi, na uamuzi wa mwisho kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja tangu mapitio yaanze. Utoshelevu wa maelezo hauingii huko, kwa hiyo kibano cha mkuu Mtetezi hakibani vizuri kwenye IPR. Ukikitaka kamili, tumia mapitio ya baada ya kutolewa, ndani ya miezi 9, kwa hataza zilizo chini ya sheria mpya ya hataza ya Marekani ya 2011.

Kesi ya kusoma, ingawa ni ya sindano, ni Pfizer dhidi ya Sanofi Pasteur, mahakama ya rufani ya shirikisho, Machi 2024. Dai lilihusu bakteria wa nimonia (pneumococcus) wa aina 22F: sukari ya bakteria iliyounganishwa na protini, uzito wa molekuli kati ya kilodaltoni 1,000 na 12,500. Andiko la zamani lilikuwa na muungano wa 22F bila kutaja uzito huo. Mahakama ikakubaliana na bodi kwamba uzito ni kigezo kinachojulikana kuathiri matokeo, hivyo kuurekebisha ni kazi ya kawaida.

Hamishia hoja hiyo kwenye idadi ya bakteria kwa dozi na utaona hatari. CVD 103-HgR ilitumika kwa milioni 500 kwa wasafiri na bilioni 5 kwenye maeneo ya kipindupindu, mara kumi zaidi. Kwa dai lolote lililofuata, fani ilishajua idadi ni kigezo cha kupandisha na kushusha.

#13 Vibrio569

Naongeza tahadhari: kigezo kujulikana hakumaanishi kila kigezo cha kumeza kina mstari ulionyooka. Bafa ni mfano. Dukoral, chanjo ya kipindupindu ya bakteria waliouawa pamoja na kipande B cha sumu yao, humezwa na mtu mzima na mililita 150 za maji yenye pakiti ya bafa, bikaboneti gramu 3.6 ndani yake. Kazi kubwa ya bafa ile ni kulinda kipande B, protini inayoharibiwa na asidi. Shanchol, nayo ya kipindupindu ya bakteria waliouawa, haikuwa na kipande B, haikuhitaji bafa, ilikuwa mililita 1.5 kwa dozi.

Sasa mtu akidai "chanjo ya kipindupindu ya bakteria waliouawa, bila bafa", mpingaji atasema ondoa kipande B na sababu ya bafa inaondoka. Ni hoja kali. Lakini ukiongeza protini mpya, mfano ajuvanti (kiongeza nguvu cha chanjo) ya dmLT, sumu ya E. coli iliyobadilishwa amino asidi mbili, swali la asidi linarudi kwa protini hiyo na lazima lijibiwe kwa kipimo, si kwa mfano wa Shanchol.

#14 Pingamizi Miezi9

Kwa wanaoandaa pingamizi EPO, utaratibu unaowaangusha watu: miezi 9 tangu kutangazwa kwa hataza, na vipimo vyenu viwe tayari ndani ya muda huo au mapema kwenye hatua ya kwanza. Kanuni za Bodi za Rufani za 2020 zinabana sana vitu vipya kwenye rufaa. Kurudia jaribio la bakteria hai si wiki moja: kuotesha benki ya mbegu ya bakteria, kukausha, kupaka ganda, kuhesabu koloni baada ya kuhifadhi kwenye nyuzi 2 hadi 8. Anza kabla hataza haijatolewa, kwa kufuatilia faili lake hadharani. Na mrudiaji asitumie aina aliyoikuta kwenye friji. Hiyo ndiyo itakayokuwa mstari wa kwanza wa majibu ya mwenye hataza.

#15 Mtetezi wa Dai

Turudi kwenye dai la mkuu Mwandika. Kura yangu: likiwa na panya tu ndani ya ombi, linaanguka, ama kwa #6 ama kwa utoshelevu. Likiwa na watu hata kumi na wawili, linasimama kwa aina mahsusi iliyopimwa, si kwa "jeni mbili zozote za njia ya aro".

#16 Koloni Bilioni

Napinga nusu ya pili. Njia ikishazibwa imezibwa, haijalishi ni aroA na aroC au aroC na aroD. Anayekubali ya kwanza anakosa sababu ya kukataa ya pili.

#17 Vibrio569

Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini CVD 908, aroC na aroD, ilipopewa watu miaka ya tisini mwanzoni, kinga ya mwili iliamka vizuri na bakteria wa chanjo wakaonekana kwenye damu ya baadhi yao, bila dalili. Ilibidi jeni ya tatu, htrA, ikatwe, ndipo damu ikawa safi. Haiingii kwenye hesabu ya Januari 1989, hilo najua. Inaingia kwenye dai linalofuata, la CVD 908-htrA, na hapo andiko la karibu zaidi ni CVD 908 yenyewe, tatizo linajulikana kwa jina, na htrA kwa panya ilishaandikwa kuwa inadhoofisha. Mkuu Koloni, lishambulie hilo.

#18 Koloni Bilioni

Nipe mpaka jioni nipange tarehe za machapisho ya htrA. Kama lile la panya limetangulia tarehe ya kipaumbele, hoja yangu ni aya mbili. Swali litakalobaki ni kama mtaalamu angeogopa kurudia kosa la 541Ty, kukata kwingi hadi chanjo ife nguvu.